Babu wa Ghala Ameanza Kuimba

Shikamoo, Baba.

Ni mimi, Theresia. Nakuandikia nikiwa dukani, juu ya meza ninayopimia mbegu, kwa sababu nyumbani Singe hakuna kona ambayo mtu anaweza kukaa akanuna kwa amani. Na leo nimenuna. Nakuambia mapema ili usije ukasema nilikuja kwako na uso wa msibani kumbe nina jambo. Ulipokuwa hai ulisema mtoto anayenuna apewe jembe, akanunie shambani. Sasa hakuna wa kunipa jembe, kwa hiyo utanisikiliza mpaka nimalize.

Nianze na za nyumbani. Tangu tukulaze pale Bonga, chini kidogo ya zizi, masika mbili zimepita. Mama ni mzima. Magoti yanamsumbua, lakini jumuiya haikosi, na akirudi anakuja na habari za watu wote wa barabara ya Dodoma. Mbaazi mwaka huu zimekubali. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na Mama amempa jina lako la utani, lile ambalo sisi watoto hatukutakiwa kulijua. Beata wangu ananifikia begani na ameanza kunijibu jeuri, kwa hiyo unaweza kusema amekua. Mimi nipo na duka langu la pembejeo karibu na soko, nauza mbegu na dawa za wadudu, na watu wasiojua umetutoka wakinipigia simu kuuliza bei bado wanaanza na "Shikamoo, mwalimu." Nikicheka ndipo wanajua si wewe. Hii sauti uliyoniachia, Baba, nzito hivi, mwanamke mzima! Mwalimu wa kwaya alinitoa kwa akina mama akanisimamisha nyuma pamoja na wanaume, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mume wangu.

Basi. Habari yenyewe ni ya Danieli.

Danieli wako. Kitinda mimba wako. Amerudi kutoka Dar na kompyuta yake, amepanga chumba Mutuka, na kazi anayofanya ni kuchora katuni. Kampuni moja ya huko Dar ilimwambia achague kitabu chochote cha zamani, akigeuze kuwa katuni ya nyimbo, ya familia nzima, watu wakae kwenye kochi na watoto wao waangalie wakati wa Krismasi. Unajua alichagua kitabu gani? Alichagua *Ghala Lisilo na Mlango*. Ndiyo, Baba. Kile kile. Familia ya mwandishi wameshakubali na kazi imeshakwenda mbali.

Aliponiambia nilicheka, nikidhani ni utani. Kitabu cha mzee anayeziba mlango wa ghala lake kwa udongo mwaka wa njaa, ili majirani wasijue kama ana mtama! Mzee Kwelu, anayeingilia juu kwenye paa na kula peke yake gizani! Na mjukuu wake Sinda, yule mwembamba, anayepenya humo kuwachukulia chakula watoto wa jirani, mpaka siku ile babu anasikia mchakacho, anadhani ni panya, anaweka jiwe juu ya tundu la paa, kwa kuwa kilichobaki humo ni mbegu tu, na kwenda kulala. Halafu anamkuta mvua zikirudi, anapobomoa udongo achukue mbegu. Hicho ndicho wanataka watoto wakiangalie huku wanakula pilau.

Nikamuuliza, sasa Sinda atakufaje kwenye katuni? Akasema, "Hafi, dada. Panya wanatoboa ukuta, wanamtoa." Panya! Wako watatu, wamevaa kofia, na mmoja mnene anapiga zeze. Babu akimwona Sinda ametoka analia, analibomoa ghala kwa mikono yake, na kijiji kizima kinacheza.

Usifikiri nimekuja kukushtakia mwisho wa kitabu. Kwa hilo ningenyamaza. Watoto wa watu nao wanahitaji kulala usiku, acha panya wavae kofia. Kilichoniuma ni kingine.

Siku moja alikuja dukani kunionyesha vipande alivyomaliza. Akaiweka kompyuta juu ya mfuko wa mbolea, tukainama wote wawili. Akatokea Mzee Kwelu. Baba, alikuwa wewe. Si kwa kufanana tu. Ni koti lako la kijivu, lile lililoisha viwiko. Ni vile ulivyovuta suruali magotini kabla ya kukaa ili isitoke vifuko. Hata ule mkohoo wako mdogo kabla ya kuitikia salamu, ameuchora. Nilishika mdomo. Sikujua kama nicheke au nilie, na kabla sijaamua, ukafungua kinywa ukaimba.

*Tulia, tulia, jua bado liko juu,*
*majani ni ya ng'ombe na ng'ombe ni wa kwetu.*

Danieli alikuwa ananitazama usoni, anatabasamu. "Si unaukumbuka, dada? Ule wa Baba. Alikuwa ananipakia kwenye baiskeli tukienda kukata majani, anaimba njia nzima."

Nikamwambia, "Huo wimbo siujui."

Akacheka. Akadhani namtania. Kisha akaniangalia vizuri, akaifunga kompyuta polepole, akauliza bei ya dawa ya kuua viroboto ambayo hakuwa na haja nayo, akaondoka.

Uliimba lini, Baba?

Nakuuliza kwa heshima zote. Mimi nimekaa kwako mpaka siku niliyoolewa na sikuwahi kukusikia ukiimba nje ya kanisa, na kanisani kwenyewe ulikuwa unasogeza midomo tu. Baiskeli naikumbuka. Nilikuwa natembea nyuma yake. Ulisema kiti cha nyuma ni cha mzigo, na mtoto mwenye miguu si mzigo. Kumbe baadaye mzigo ulipata ruhusa, tena ukaimbiwa!

Mimi kwako nilipata kitabu. Nasema hivi huku roho ikiniuma, lakini ni kweli. Jumamosi alasiri baada ya mavuno, turubai limetandikwa uani, rundo la mahindi katikati, mimi na Mama na wajomba tunapukuchua. Wewe unakaa kwenye kigoda, kitabu mkono mmoja, fimbo imelala kando ya mguu. Sharti lilikuwa moja: mikono ikisimama, kitabu kinafungwa. Ulikuwa ukifika mahali pa kutisha unatuangalia vidole. Mtu akisahau gunzi mkononi kwa ajili ya kusikiliza, unafunga, unasema, "Mzee Kwelu naye amechoka," na huendelei mpaka debe lijae. Nilijifunza kuogopa bila kusimamisha mikono. Vidole vilikuwa vinatoka malengelenge na sikuyahisi mpaka jioni.

Na hukuwa unapaza sauti. Watu wengine wakisoma habari ya mtu mbaya wananguruma. Wewe ulikuwa unashuka. Mzee Kwelu akikaribia kuliweka lile jiwe, ulishuka mpaka tukalazimika kupunguza kelele za punje kwenye debe ili tukusikie, na huku mikono haitakiwi kusimama. Sijui nilikuwa na umri gani nilipoanza kutambua kwamba ile sauti ya Mzee Kwelu ndiyo uliyotumia pia kuniita nikikosea hesabu. Nilipoleta ripoti nikiwa wa kwanza darasani uliisoma kwa sauti hiyo hiyo, ukasema, "Sasa usirudi nyuma." Basi. Hayo ndiyo makofi niliyopigiwa.

Miaka ile najua ilikuwa migumu. Kati yangu na Danieli kulikuwa na wale wawili ambao Mungu aliwachukua wakiwa wachanga, na hakuna aliyewataja ndani ya nyumba. Kila mavuno ulirudia kitabu kile kile, kana kwamba hapa Babati hakijawahi kufika kingine. Nilikuwa mtoto, nilidhani unakipenda tu.

Kisha nikaolewa, Danieli akawa anakua, na kijijini ikaja mashine ya kupukuchulia. Hilo nalo nalikasirikia, uniwie radhi, nakasirikia mpaka mashine. Mahindi ambayo tulikaa nayo Jumamosi hata Jumamosi, yanaisha kabla chai haijapoa. Danieli alikukuta mikono yako haina kazi. Ulikuwa umestaafu, umejiunga na kwaya ya wazee, umeacha fimbo sijui wapi. Nilikuwa nikija kuwasalimia nakukuta umembeba mabegani, mzee mzima, unamzungusha mti wa parachichi. Nakusalimia, unaniitikia kwa ule mkohoo mdogo kwanza. Nikiondoka Mama ananifungia mahindi mabichi, na mimi njia nzima mpaka Singe najiambia kwamba mtu hawezi kumwonea wivu mtoto wa darasa la pili. Anaweza, Baba. Mimi niliweza vizuri sana.

Kwa hiyo utaelewa nilivyojisikia kuona katuni. Mimi nilisomewa kitabu, yeye aliimbiwa, na sasa ule upande wa kuimbiwa ndio utakaoonekana nchi nzima. Watoto watakujua kwa koti na wimbo. Nikisema hakuwa hivyo, nani ataniamini?

Ila mambo yalimgeukia Danieli kidogo, na nitakuambia ukweli, sikuhuzunika upesi.

Alipomaliza sehemu kubwa, watu wa Dar walitaka aionyeshe kwanza kwa watoto, waone itapokewaje. Padri akampa ukumbi wa parokia siku ya Jumapili baada ya misa ya pili. Nilikwenda na Beata, nikakaa nyuma. Sauti ya babu aliitoa Danieli mwenyewe, na unajua sauti yake, nyororo, ya mtu aliyeamka vizuri. Watoto walimpenda babu kuanzia alipotokea. Alipoziba mlango wa ghala kwa udongo walicheka. Alipowafukuza wenye njaa walicheka. Alipoweka jiwe juu ya tundu, na Sinda yuko ndani, na mimi huku nyuma nimeshika kiti kwa mikono miwili, mtoto mmoja akasimama akaenda kununua mandazi. Panya walipomtoa Sinda hakuna hata mmoja aliyeshangilia. Kwa nini washangilie? Hawakuwahi kumwogopea.

Watu wa Dar hawakumzungusha. Walimwambia babu haogopeshi, na babu asipoogopesha hakuna hadithi. Atafute sauti nyingine haraka, au wataichukua kazi waimalizie wenyewe huko, na babu watampa msanii wanayemjua, wamchore upya afanane na sauti yake. Maana yake koti lingevuliwa. Wewe ungetoka humo, Baba, akaingia mzee mwingine yeyote.

Danieli akaja nyumbani Singe. Nilimwekea chai. Hakuigusa. Akasema, "Dada, wewe una sauti yake. Na wewe ndiye uliyesikia kile kitabu. Mimi nimekisoma tu, tena ile nakala ya Baba uliyobaki nayo wewe, niliyoiazima nikaipiga fotokopi. Njoo unifanyie Mzee Kwelu."

Sasa nikuambie nilichofikiri, maana kwako siwezi kujipamba tena. Nilifikiri: hata hiki? Ulimpa wimbo, baiskeli, mabega, koti alilichukua siku ya kugawa vitu na hakuna aliyepinga. Mimi kwako nina kitu kimoja, ile sauti ya chini uliyotusomea. Ni kibaya, lakini ni changu, na nikikitoa sibaki na kitu. Nikamjibu, "Nenda kamwombe aliyekuimbia."

Aliinuka, akamuaga Baba Beata kwa adabu, akaenda. Ile chai mume wangu aliimwaga mwenyewe, akaosha kikombe, wala hakunisemesha mpaka asubuhi.

Nilikaa na hasira yangu siku kadhaa, kisha nikapanda Bonga kumwona Mama. Nilimkuta anapepeta mbaazi. Nilijua Danieli ameshamweleza, kwa sababu hakuniuliza habari za watoto kwanza. Nikaanza kujieleza. Nikasema yote, wimbo, baiskeli, mpaka mti wa parachichi. Mama aliendelea na ungo wake, kisha akasema, bila hata kuniangalia, "Wewe ulimpata akiwa na nguvu na uchungu. Danieli alimpata amechoka, amepoa. Mimi niliishi na wote wawili kwenye kitanda kimoja, na hakuna mtoto wangu hata mmoja aliyewahi kuniuliza ilikuwaje."

Nilitaka kumuuliza hapo hapo ilikuwaje, lakini ingekuwa kama kuomba radhi kwa kulazimishwa. Nikachukua ungo wa pili tukapepeta.

Wivu haukuisha, usidhani. Nilikwenda Mutuka wiki ile nikiwa nao wote. Ila nilijiambia kwamba kama kuna mtu atakayemchukua Mzee Kwelu, asiwe msanii wa Dar ambaye hajawahi kupukuchua hata gunzi moja.

Chumba cha Danieli ungekicheka. Magodoro yamesimamishwa kwenye kuta zote, blanketi limefunika dirisha, na jirani upande wa pili ni mashine ya kusaga inayonguruma kutwa. Ndiyo maana anarekodi umeme ukikatika. Umeme ukienda, mashine inanyamaza, yeye anatumia chaji iliyobaki kwenye kompyuta. Mtaa mzima ukilalamika giza, Danieli anashangilia. Na siku hiyo, kama kwa makusudi, umeme ulikaa. Tulisubiri. Nilikaa kwenye ndoo, yeye kitandani. Akaniuliza kama bado nimekasirika. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Poa," akainamia kamba za viatu vyake.

Umeme ukakatika. Mashine ikashuka, ikazima. Danieli akaruka, akaniweka mbele ya maikrofoni, akavaa hedifoni. Nikafungua kinywa, Baba, ikatoka sauti ya muuza mbegu. Nikajaribu tena. Nikanguruma, ikawa aibu. Nilikuwa nayo kichwani, naisikia kabisa, lakini haishuki mdomoni. Danieli anaangalia chaji inavyopungua.

Nikamwambia, "Niletee mahindi."

"Ya kuchoma?"

"Makavu. Kwenye magunzi. Na debe."

Alinitazama kama nimechanganyikiwa, lakini alitoka mbio kwa mama mwenye nyumba na kurudi na furushi. Nikaketi chini, nikaweka debe kati ya magoti, nikaanza kupukuchua. Punje za kwanza zikalia kwenye bati. Vidole vikakumbuka njia yake. Na mahali fulani kati ya gunzi la pili na la tatu, sikutafuta, ikashuka yenyewe. "Mnawasikia hao?" nikasema. "Wanafikiri nimelala. Waache waingie. Waache washibe. Leo watamjua mwenye ghala." Sikupaza. Nilienda mpaka kwenye jiwe, nikaliweka, na mikono haikusimama.

Nilipomaliza nikainua macho. Danieli amevua hedifoni zimening'inia shingoni, na amesahau kuzima kinasa. Rangi imemtoka. Umri ule wote, mwanaume mwenye ndevu, alikuwa amejibana ukutani kwenye godoro.

Akauliza, "Alikuwa anaongea hivyo?"

Nikasema, "Kila siku."

"Na hapigi kelele?"

"Hakuwa na haja."

Nilijua sasa ataniambia pole. Nilikuwa nimeshaitayarisha shingo yangu ya kuipokelea hiyo pole, kwa maringo. Hakunipa. Alikaa kwenye sakafu upande wa pili wa debe, akachukua gunzi, akaanza kulipukuchua vibaya kwa kucha, kama mtu asiyefundishwa.

"Nilimwomba anisomee hicho kitabu," akasema. "Nilikuwa nakiona juu ya kabati. Niliomba mara nyingi, dada. Kila mara ananishusha mkono, anasema, hicho ni cha Theresia. Wewe njoo nikuimbie."

Baba.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia aseme vile ulivyosema, na ulikuwa umesimama wapi. Akasema ulikuwa umesimama mlangoni, na ulisema taratibu tu, kama mtu anayemwambia mtoto asiguse kikombe cha mgeni. Hicho ni cha Theresia. Nikamwambia arudie tena. Mara ya tatu alianza kulia, akasema, "Nilikuonea wivu mpaka nikawa nakuchukia ukija nyumbani. Nikasema huyu alipewa nini ambacho mimi siruhusiwi hata kukisikia? Waliponiambia nichague kitabu sikufikiria mara mbili."

Mtu mwema angemkumbatia hapo. Mimi nilifurahi. Nakuambia wewe peke yako, nilifurahi mpaka masikio yakapata moto. Nilitaka kutoka nje nimwambie mama mwenye nyumba, niwaambie wote waliokuja kusagisha wakakaa na mifuko yao wanasubiri umeme. Ulikuwa umekiweka! Mtoto wa mabegani, wa baiskeli, wa nyimbo, alinyoosha mkono na ukamwambia hapana, hicho kina mwenyewe. Ulijua. Miaka yote ile ulikuwa unajua kwamba kati yetu kuna kitu na kwamba ni chetu, na hukupata njia ya kuniambia isipokuwa kumnyima mwingine. Mgumu wewe! Ungeniambia mara moja tu, hata kwa mkohoo.

Baada ya hapo ndipo nilipomkumbatia. Kwa kuchelewa, lakini nilimkumbatia, na punje zikamwagika chumba kizima.

Sauti waliipokea Dar. Walipoonyesha tena ukumbini mtoto mmoja alilia mpaka akatolewa nje, na nikaona fahari isiyo ya Kikristo. Panya walipotoboa ukuta, watoto walisimama juu ya viti, wakapiga kelele mpaka Padri akatoka sakristia kuja kuona kuna nini. Babu akiwa mkali ni mimi, na akianza kuimba ni Danieli. Watu wa Dar waliuliza mzee mmoja atakuwaje na sauti mbili. Danieli akawajibu kwamba ndivyo alivyokuwa.

Wivu bado ninao. Niliposikia ule wimbo ukumbini, watoto wote wanaitikia, nilitamani kuwa mdogo kuliko Danieli, niwe mimi niliye kwenye baiskeli. Sidhani kama utaniisha, na sikuombi uniombee huko uliko uniishe. Danieli ameanza kunifundisha. Ananiambia nauimba kama mtu anayedai kitu.

Ngoja nifunge duka, kuna mteja anagonga na mimi macho yamevimba. Pumzika, Baba. Mama nitamuuliza yale ambayo hatukumuuliza, hilo nakuahidi, na nitakaa kimya akijibu. Na Jumamosi naenda Mutuka na kitabu chenyewe, si fotokopi. Danieli ameomba nimsomee chote, toka ukurasa wa kwanza, kwa sauti yako, naye apukuchue. Nitamsomea. Sitamrukisha neno, wala sitamletea panya wa kumtoa mtu. Tutafika pale ulipokuwa unashuka, na nitashuka.

Akiniomba nimwachie kitabu, nitamwambia ulichomwambia wewe.

Mwanao,
Theresia